Tunasifu Ngoma, Tunasahau Nyavu

Novemba 2025 wanasayansi wa India waliwafunga vifaa vya setilaiti kozi watatu wa Amur katika wilaya ya Tamenglong, jimbo la Manipur, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, wakawaachia. Apapang, dume aliyekomaa, aliikata India, akavuka Bahari ya Arabu bila pa kutua, akapita Pembe ya Afrika na kuingia Kenya: takriban kilomita 6,100 kwa siku sita na saa chache. Alang, jike kijana, naye akafika Kenya. Ahu alitua kwanza kaskazini mwa Somalia. Ramani za safari hizo zilisambaa mitandaoni na mshangao ulikuwa mmoja. Ndege asiyefikisha gramu 200 anavuka bahari ambayo nahodha wa jahazi alingoja kaskazi ivume ndipo athubutu kutweka tanga. Kozi naye huitumia kaskazi hiyohiyo.

Nyuma ya ramani ikaja hadithi fupi. Zamani wanavijiji wa huko waliwala kozi hawa kwa maelfu, leo wanawachezea ngoma, na tamasha ndilo lililowaokoa. Hadithi ni tamu, na kipande chake ni kweli. Kipande kilichobaki kinanisumbua, kwa sababu wapo wahisani na maofisa wa huku kwetu ambao wakisikia "tamasha limeokoa ndege" wataanza kutafuta hema, jukwaa na mgeni rasmi. Ninavyoona mimi, tamasha halikuwaokoa kozi. Waliowaokoa ni watu wenye ardhi na nyavu, waliokaa wakakubaliana kuacha na wakaibeba hasara. Tamasha lilikuja baadaye na kazi yake ni tofauti, pengine ngumu zaidi: kuhakikisha makubaliano hayo hayafi kimyakimya mwaka wa tano au wa kumi. Ukizichanganya kazi hizi mbili, utajenga jukwaa mahali pasipo na makubaliano yoyote ya kulinda.

Turudi nyuma kidogo. Kozi wa Amur huzaliana kusini mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mashariki mwa China, kisha huja kumaliza miezi ya baridi kusini mwa Afrika. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Kabla ya kuivuka bahari hulazimika kushiba, na shibe hiyo wengi wao huipata mwezi Oktoba na Novemba katika vilima vya majimbo jirani ya Nagaland, Manipur, Assam na Meghalaya, ambako kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi baada ya mvua. Hulala pamoja kwenye miti michache, makundi kwa makundi. Ndege waliotawanyika katika nusu ya Asia wanajikuta wamerundikana katika mabonde yasiyozidi vidole vya mikono miwili. Kwa mwindaji hiyo ni bahati inayojileta yenyewe mlangoni.

Nagaland bahati hiyo ilikuzwa na umeme. Bwawa la Doyang katika wilaya ya Wokha, mradi wa megawati 75, lilikamilika mwaka 2000. Maji yalipopanda yalimeza mashamba ya bondeni ya watu wa kabila la Lotha, na waliokuwa wakulima wakageuka wavuvi. Kozi nao wakaipenda miti ya kandokando ya maji. Mvuvi ana nyavu za nailoni, hana shamba, na juu ya kichwa chake usiku wanalala ndege kwa makumi ya maelfu. Haikuhitaji akili nyingi kuzitoa nyavu majini na kuzitundika mitini. Wengi wanaosimulia kisa hiki wanaanza na nyavu hizo na kuliruka bwawa, kisha wanashangaa kwa nini watu walikuwa wakatili hivyo.

Oktoba 2012 wahifadhi kadhaa, akiwamo mwandishi wa habari Bano Haralu wa Nagaland, walifika Doyang na kurekodi kilichokuwa kikitendeka. Walikadiria kuwa kozi 12,000 hadi 14,000 walikuwa wakinaswa kwa siku, na kwamba msimu ule peke yake uliwamaliza kati ya 120,000 na 140,000. Nyavu zilitandazwa kwenye njia wanayopita wakienda kulala na wakiamka. Walionaswa wengine walinyonyolewa na kukaushwa kwa moshi, wengine walifungiwa wakiwa hai ndani ya vyandarua na vikapu ili wafike sokoni wakiwa wabichi. Vyandarua, vitu vya kuzuia mbu, vimejaa ndege wanaopiga mabawa. Video ya tukio hilo, iliyotolewa na shirika la Conservation India, ilizunguka dunia na kuiaibisha serikali mjini Delhi.

Mwaka uliofuata, 2013, hakuna kozi aliyenaswa Doyang. Mabadiliko kama hayo, kutoka laki na zaidi hadi sifuri ndani ya miezi kumi na miwili, ni nadra mno katika historia ya uhifadhi, kwa hiyo inafaa kuuliza yalitokeaje. Nagaland ina hadhi ya pekee katika Katiba ya India. Kifungu cha 371A kinalinda mila za Wanaga, wakiwamo Walotha wa Doyang, na umiliki wao wa ardhi, na sehemu kubwa ya misitu ni mali ya vijiji na koo, si ya serikali. Hivyo uamuzi ulipaswa kutoka kwa mabaraza ya vijiji. Mabaraza ya Pangti, Asha na Sungro yalipitisha maazimio ya kukataza uwindaji huo, yakaweka faini. Makanisa ya Kibaptisti, ambayo neno lake lina uzito kule kuliko la polisi, yaliwahubiria waumini. Wawindaji wenyewe walishirikishwa katika ulinzi wa miti ambayo juzi tu walikuwa wakiitegea. Novemba mwaka huohuo kozi watatu walifungwa vifaa na kupewa majina Naga, Wokha na Pangti: jina la watu, la wilaya, la kijiji.

Sasa tazama tarehe. Tamasha linalotajwa zaidi, la ngoma ya kozi huko Tamenglong, lilianza mwaka 2015, tena katika jimbo jingine. Nyavu za Doyang zilikuwa zimeshushwa miaka miwili kabla ya mtu yeyote kupanda jukwaani. Anayesema tamasha ndilo lililokomesha mauaji yale anampa mtoto sifa za kumzaa mama yake.

Wapo watakaosema hoja yangu ni ya kalenda tu, na kwamba tamasha huelimisha jamii, na jamii iliyoelimika huhifadhi. Hii ndiyo hoja inayoandikwa kwenye kila andiko la kuomba fedha, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Wawindaji wa Doyang hawakuwa wajinga kuhusu kozi. Walijua siku wanayofika, mti wanaoulala, upande wanaoruka alfajiri, na jinsi upepo unavyobadili njia yao. Hakuna mtaalamu wa Taasisi ya Wanyamapori ya India, Dehradun, aliyewazidi kwa hilo. Ambalo hawakulijua ni kwamba ndege wale walikuwa wakielekea Afrika na kwamba dunia ilikuwa inawaangalia, na hayo waliambiwa kwa mikutano michache na ramani moja ya setilaiti. Elimu ya namna hiyo huisha haraka. Mtu akishajua kwamba kozi huenda Kenya, hahitaji kuambiwa tena kila Novemba kwa miaka kumi huku vikundi vya ngoma vikipokezana. Kama tamasha linaendelea, basi linafanya kitu kingine.

Upande wa pili wapo wanaobeza. Kwao tamasha ni mahali pa wanasiasa kupiga picha. Lililofanya kazi ni sheria. Hawa wana hoja, hasa kuhusu picha. Lakini India ina sheria ya kulinda wanyamapori tangu 1972, na ilikuwapo mwaka 2012 wakati vyandarua vinajazwa. Askari wa wanyamapori hawezi kulinda msitu ambao si wa serikali, usiku, kwenye vilima vile, dhidi ya vijiji vizima. Sheria ilipata meno pale tu wenye ardhi walipoamua kung'ata nayo. Mfano ni Tamenglong yenyewe. Kila mwaka, kabla ya msimu, mkuu wa wilaya hutoa amri ya kupiga marufuku kuwinda, kukamata, kuua na kuuza kozi, na viongozi wa vijiji hutakiwa kuzikusanya bunduki za upepo na kuzihifadhi mpaka ndege waondoke. Amri ni ya serikali, ila anayegonga mlango wa jirani na kusema "nipe bunduki yako" ni mzee wa kijiji. Na hili limeendelea katika jimbo ambalo tangu Mei 2023 limetikiswa na machafuko ya kikabila, ambako silaha za kivita ziliporwa kwenye maghala ya polisi na serikali ikapata taabu kuzirudisha.

Hapo ndipo ninapoiona kazi halisi ya tamasha. Mzee wa kijiji anahitaji siku ambayo ombi lake halionekani kuwa chuki binafsi. Akidai bunduki katikati ya mwezi wa kawaida, atasikia maneno. Akiidai katika wiki ambayo kijiji kizima kinajua wageni wanafika, watoto wanafanya mazoezi ya ngoma na jina la kijiji litasomwa mbele ya vijiji vingine, anayekataa ndiye anayeaibika. Makubaliano ya mwaka 2013 yalifanywa na watu wazima wa mwaka 2013. Kijana aliyekuwa na miaka minane wakati ule leo ana ishirini, ana rafiki mwenye manati na simu yenye oda ya nyama, na yeye hakuinua mkono katika baraza lolote. Hana kumbukumbu ya vyandarua wala ya aibu ya ile video. Namna pekee ya kumuingiza katika makubaliano hayo ni kumpa nafasi ndani yake, kila mwaka, hadharani.

Majina ya ndege yanafanya kazi hiyohiyo kwa njia kali zaidi. Novemba 2018 kozi wawili walifungwa vifaa Tamenglong: mmoja akaitwa Tamenglong, mwingine Manipur. Siku chache baadaye Manipur alikutwa amekufa. Tamenglong alivuka bahari. Mwaka 2019 wakaja Chiulon na Irang, kijiji na mto. Kozi akibeba jina la kijiji chako, kifo chake kinakuwa taarifa ya habari yenye anwani. Nakiri kwamba jambo hili linakata pande zote mbili: kifo cha Manipur kilijulikana kwa sababu alikuwa na kifaa na jina. Wasio na jina wanaokufa kila msimu hawahesabiwi na mtu, na tamasha linaloita vyombo vya habari lina sababu nzuri ya kutowatafuta.

Hii inanileta kwenye suala la vipimo, ambalo waandaaji hulipita haraka. Mara nyingi mafanikio hutangazwa kwa idadi ya ndege walioonekana: mwaka huu wamekuja wengi, kwa hiyo tumefaulu. Kozi hawaendi hivyo. Hufuata kumbikumbi na hali ya hewa, na kundi lililolala bonde hili mwaka jana linaweza kulala bonde la pili mwaka huu kwa sababu zake lenyewe. Isitoshe, Shirikisho la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, halimweki kozi wa Amur miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Idadi yake duniani ni kubwa. Athari ya tamasha haiwezi kupimwa kwa kuangalia angani. Ipimwe chini: nyavu zilizokabidhiwa, bunduki zilizokusanywa, faini zilizotozwa kweli, nyama iliyokutwa sokoni. Vipimo hivi havina mvuto jukwaani, na mgeni rasmi hapendi kuvisoma.

Tufike kwenye hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, ya fedha. Mwindaji wa Doyang alipoteza shamba kwa ajili ya umeme wa wengine, kisha akapoteza mapato ya ndege kwa ajili ya furaha ya wengine. Aliahidiwa utalii. Watalii wamekuja, lakini msimu wa kozi hudumu wiki chache, barabara za Wokha si za mchezo, na mwenye nyumba ya wageni si lazima awe yule aliyekuwa na nyavu. Malalamiko ya wanavijiji kwamba waliachiwa sifa bila riziki yamekuwapo tangu miaka ya mwanzo, na sioni jibu lake katika ngoma yoyote. Ninachoweza kusema ni kwamba miaka imepita na nyavu hazijarudi kama zilivyokuwa, jambo linaloonyesha kwamba heshima nayo ina thamani kwa watu, hasa watu waliowahi kuitwa makatili mbele ya dunia nzima. Ila heshima haisomeshi mtoto. Kijiji kinachoishi kwa heshima peke yake kiko bei moja nzuri ya nyama kutoka kwenye kurudi nyuma, na serikali inayolipa jukwaa bila kulipa fidia inajua hivyo.

Kuna njia ya tatu iliyoanza hivi karibuni ambayo naiona ina busara kuliko tamasha la kubuniwa. Walotha wana sikukuu yao ya mavuno, Tokhü Emong, ambayo huadhimishwa tarehe 7 Novemba, kozi wakiwa angani. Tangu mwaka 2022 imeunganishwa na zoezi la kuhesabu ndege wa aina zote, linaloshirikisha watu wa kawaida. Hapa hakuna aliyebuni sherehe na kuitafutia watu. Sherehe ipo, watu wamekwishakuja nyumbani kutoka mijini, chakula kimeiva. Ndege ndio waliokaribishwa. Likikosekana fungu la serikali mwaka mmoja, sikukuu itafanyika vilevile. Tamasha la kozi la Tamenglong halina uhakika huo.

Sasa upande wetu. Kozi wanapotua huku ni majira ya vuli, na huku nako wanakimbilia kumbikumbi. Anayesafiri kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi mwishoni mwa Novemba au Desemba, mvua ikiwa imenyesha jana, akitazama nyaya za umeme kati ya Voi na Mtito Andei anaweza kuwaona wamejipanga, dume kijivu mwenye miguu myekundu, jike mwenye kifua cheupe chenye madoa. Tsavo ni kituo chao kikubwa. Baada ya hapo huendelea kusini kupitia Tanzania mpaka Afrika Kusini, ambako mji kama Newcastle huwaona wakilala kwa maelfu kwenye miti ya mitaani. Sisi ni ncha ya pili ya safari ileile, na kwa hakika sisi ni miongoni mwa wenyeji wa kwanza baada ya bahari, wakati ndege amechoka na amekwisha mafuta.

Kenya si mgeni wa sherehe za ndege. Siku ya Ndege Wahamaji Duniani ilizinduliwa Laikipia mwaka 2006, na leo huadhimishwa duniani kote Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Ni jambo la kujivunia. Lakini kwa kozi wa Amur tarehe hizo hazina maana kubwa: Oktoba bado wako Asia, na kufikia katikati ya Mei wengi wameshavuka kurudi. Sherehe zetu nyingi hufuata kalenda ya mashirika, si ya ndege, wala ya watu wanaoishi na ndege hao. Matokeo yake anayekuja ni mwanafunzi aliyevalishwa fulana, na asiyekuja ni mtu ambaye uamuzi wake ndio unaoua au kuokoa.

Na mtu huyo tunamjua. Huku hatari ya ndege wawindaji haiko kwenye nyavu za nailoni, iko kwenye sumu. Serikali za Kenya na Tanzania hunyunyiza fenthioni kuua kwelea kwelea wanaoharibu mpunga, mtama na ngano. Januari 2023 Kenya ilikuwa na operesheni kama hiyo kwenye mashamba ya mpunga ya Kisumu. Ndege anayekula kwelea aliyenyunyiziwa naye hufa. Huko Bunyala, kaunti ya Busia, watafiti wamerekodi kwa miaka mingi uwindaji wa ndege wa majini kwa karbofurani, dawa ya shambani inayofahamika zaidi kwa jina la Furadan: konokono hutiwa sumu, korongo hai hufungwa karibu kama chambo, wenzake wakaja, wakala, wakaanguka, nyama ikaenda sokoni. Ukiondoa sumu, hiki ni kisa cha Doyang. Kuna maji yaliyogeuzwa kuwa mradi, wakulima wasio na kipato cha kutosha, ndege wanaokusanyika mahali pamoja, na soko lililo karibu.

Mtu akipendekeza kesho tamasha la ndege Bunyala, atapata fedha mapema kuliko anayependekeza mazungumzo. Tamasha lina tarehe, lina picha, lina ripoti. Mazungumzo yanahitaji kumkalisha mwindaji anayevunja sheria mbele ya chifu bila kumkamata, na muuza dawa za kilimo anayejua nani hununua nini, na wakulima wa skimu ya umwagiliaji ambao kwao kwelea ni njaa kabisa. Yanahitaji mtu wa kaunti wa kusema hasara ya nani italipwa na nani, kiasi gani, kwa misimu mingapi. Doyang walifika hapo kwa sababu ya aibu ya dunia, mabaraza yenye mamlaka ya kweli juu ya ardhi na kanisa lililokubali kusema. Bunyala aibu hiyo haijafika, mamlaka ya ardhi yamegawanyika kati ya skimu na wenye viwanja, na makanisa yapo lakini sijayasikia yakihubiri juu ya korongo. Kazi ya kwanza iko hapo. Yakipatikana makubaliano, yakashika msimu mmoja, hapo ndipo inafaa kuuliza ni sherehe gani ya wenyeji iliyopo tayari, inaangukia mwezi gani, na kama ndege wanaweza kukaribishwa ndani yake.